Lango la Bandari na Barabara ya Kasindi: Kuli ya Adam Shafi Ikisomwa Butembo na Beni

Riwaya ya Kuli ya Adam Shafi ilichapishwa Dar es Salaam mwaka 1979, na tangu hapo imehakikiwa mara nyingi hata hukumu juu yake imekwisha kukauka kama udongo wa chungu. Husemwa kuwa ni riwaya ya kuzaliwa kwa tabaka la wafanyakazi: kijana Rashidi anaingia bandarini hajui kitu, anaonewa, anafumbuliwa macho, anagoma pamoja na wenzake. Hukumu hiyo haina kosa kubwa. Lakini ilitolewa na wasomaji wa pwani, au waliosomea pwani, ambao kwao bandari, reli na karakana ni vitu vya kawaida machoni. Makala haya yanakusudia kuiweka riwaya hiyo mikononi mwa msomaji mwingine, yule wa Butembo na Beni katika Kivu ya Kaskazini, mahali ambapo bahari iko mbali, reli haikufika kamwe, na hakuna king'ora cha kiwanda kinachoamsha mji asubuhi. Msomaji huyo akikifunga kitabu, je, amesoma habari za kazi ya watu wake, au amesoma habari za nchi nyingine?

Dai linalotetewa hapa ni kwamba riwaya ya Kiswahili ya kazi, na zaidi yake uhakiki ulioifuata, imelifanya lango kuwa kipimo. Mfanyakazi ni mtu anayepita langoni kwa saa maalumu na kumkuta ndani bwana mmoja. Asiyepita langoni huitwa mkulima, mchuuzi, au mtu asiye na kazi. Kwa kipimo hicho Butembo na Beni zingehesabiwa kuwa miji ambayo mapinduzi ya viwanda hayajafika. Ukweli ni kinyume chake. Mapinduzi hayo yalifika zamani sana, yakabadilisha mabega, mikono na saa za watu. Ila mashini zilikuja bila lango.

Jambo hili si mchezo wa darasani. Mwanafunzi wa Butembo anayeandika tasnifu yake ya mwisho wa masomo hushika kipimo alichopewa, na akikosa kuona chama cha wafanyakazi, mgomo wa kiwandani na tajiri mwenye kiwanda, huandika kwa urahisi kwamba watu wa kwao "hawana mwamko". Anakuwa amewafuta wazazi wake katika historia ya kazi kwa kalamu yake mwenyewe. Uhakiki unaomfikisha hapo unastahili kuhakikiwa nao.

Ni haki kuanza na nguvu ya kitabu. Mandhari ya Kuli ni Unguja ya miaka ya 1940. Rashidi ni mwana wa Majaliwa, naye Majaliwa alikuwa kuli. Kazi inarithiwa kama vile watu wengine wanavyorithi shamba. Adam Shafi ni hodari zaidi pale anapouonyesha mwili wa mchukuzi katikati ya vyombo asivyovimiliki: meli kubwa, magunia yanayoning'inia hewani, amri zinazotoka juu kwa mtu asiyebeba kitu. Msomaji wa popote, hata yule ambaye hajawahi kuiona bahari, huhisi uzito ule shingoni. Na mgomo wenyewe haukubuniwa na mwandishi. Agosti na Septemba 1948 wachukuzi wa bandari ya Unguja waligoma kweli, na mgomo ukatoka bandarini ukaenea mjini. Anthony Clayton aliuandikia kitabu mwaka 1976, miaka mitatu kabla ya riwaya kutoka.

Udhaifu wa riwaya, kama wahakiki kadhaa walivyokwisha kudokeza kwa njia zao, uko katika namna Rashidi anavyoamka. Anaamka kwa kuhutubiwa. Faraji anasema, Rashidi anasikiliza, na fikra inahama kutoka kichwa kimoja kwenda kingine kama maji yanayomiminwa katika mtungi. Kazi yenyewe haimfundishi kitu ila maumivu. Hakuna ukurasa ambamo mtu anajifunza chombo, anakirekebisha, anakigeuza kitumike kwa jambo ambalo mwenye kukiunda hakulifikiria. Mtambo katika Kuli ni adui au ni mandhari tu. Hapo ndipo msomaji wa Butembo anapoanza kukiona kitabu kwa mbali, kwa sababu katika mji wake nusu ya historia ya kazi ni historia ya kuvigeuza vyombo.

Butembo yenyewe iliwahi kuwa na lango. Kampuni ya madini iliyojulikana kwa herufi MGL, yaani Minière des Grands Lacs, iliundwa mwaka 1923 katika kundi la makampuni ya Empain wa Ubelgiji, na upesi ikafika katika milima ya Wanande kutafuta dhahabu. Pale palipokuwa na vijiji palisimama kambi ya kampuni. Vilikuja pamoja nayo vitu ambavyo msomaji wa Kuli angevitambua bila kuelezwa: kapita mwenye kuhesabu watu, posho ya kila juma, saa iliyotangazwa kwa chuma kilichogongwa, barabara zilizolimwa kwa majembe ya waliolazimishwa. Laiti dhahabu ingedumu na kampuni ikabaki, huenda riwaya ya Butembo ingekuwa ndugu wa Kuli. Lakini kampuni iliondoka, na mji haukufa. Ulikua. Hili ndilo jambo la ajabu ambalo nadharia ya lango haina maneno ya kulieleza: mji uliozaliwa na kampuni ulipata nguvu zake baada ya kampuni kutoweka.

Ulizipata barabarani. Reli ya Uganda ilifika Kasese mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, ng'ambo tu ya mpaka wa Kasindi. Upande wa kaskazini, reli ya Uele ilikuwa imeishia Mungbere tangu 1937. Kati ya ncha hizo mbili za chuma, Beni na Butembo zilibaki na udongo. Wafanyabiashara wa Kinande walianza na maharagwe, mboga na kahawa. Waliupita mtikisiko wa Novemba 1973, wakati serikali ya Zaire ilipotwaa mali za wageni na kuzigawa. Walijifunza njia ya Kampala na Mombasa, kisha ya Dubai, na hatimaye ya Guangzhou. Timothy Raeymaekers, katika kitabu alichokitoa mwaka 2014, ameeleza jinsi matajiri hao walivyofanya kazi ambazo kwingineko ni za serikali, ikiwa ni pamoja na kutengeneza barabara. Habari za matajiri, basi, zimekwisha kuandikwa. Habari za wale waliosukuma mizigo yao zimeandikwa kidogo, na kwa Kiswahili hazijaandikwa karibu kabisa.

Itazamwe chukudu. Ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kisicho na kiti wala mnyororo, ambacho mwendeshaji hukisukuma mlimani na kukipanda mteremkoni, goti moja juu ya ubao na mguu mwingine ukipiga ardhi. Hubeba mamia ya kilo. Jina lake husemwa kuwa ni mlio wake wenyewe barabarani. Goma na Rutshuru ndizo zinazosifiwa kwa chukudu, lakini miteremko ya Lubero na Butembo inaijua pia. Mgeni akiiona hucheka, au hupiga picha, akidhani ameona mabaki ya zama za kabla ya viwanda. Amekosea. Gurudumu lake la mbao limevikwa mpira wa tairi kuukuu la gari, na ndani yake mara nyingi mna beringi iliyotoka katika mashini iliyokufa. Chukudu haiwezi kuwako mahali ambapo magari hayajapita. Ni mtoto wa viwanda aliyelelewa na seremala.

Na mpira huo una historia ambayo haifai kupitwa haraka. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Baiskeli ikawa chombo cha watu wengi, baadaye gari likafuata, na Ulaya ikaulilia mpira. Mpira ulikuwa katika misitu ya Kongo, iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold II tangu 1885 hadi 1908. Watu walilazimishwa kuuleta, na walioshindwa walipigwa, walitekwa wake zao, walikatwa mikono. Nchi hiyo basi ililipa gharama ya gurudumu laini kabla ya wengi wa watu wake kuliona. Mpira ulirudi miaka mingi baadaye ukiwa umechakaa, katika malori ya watu wengine, na fundi wa milimani akauvua, akaukata kwa kisu, akaupigilia misumari juu ya gurudumu la mti. Mwenye kutafuta ishara ya uhusiano kati ya kazi ya Afrika na uvumbuzi wa Ulaya hana haja ya kuibuni. Inapita barabarani na gunia la viazi juu yake.

Kwa mwanaisimu kuna jambo la kuongeza. Kamusi za zamani, ikiwamo ile ya Johnson ya mwaka 1939, zinalipa neno kiwanda maana ya mahali popote pa kufanyia kazi ya ufundi: ua wa mhunzi, kivuli cha mjenga jahazi. Maana ya jengo kubwa lenye mitambo na uzio ilikuja baadaye, ikaifunika ile ya kwanza. Anapochonga chukudu kando ya barabara, katika uwanja usio na ukuta, fundi wa milima ya Lubero anafanya kazi kiwandani kwa maana ya asili ya neno. Uhakiki uliposema kwamba hakuna viwanda, ulikuwa umesahau Kiswahili chake wenyewe.

Mfano mzito zaidi ni wa wasukumaji wa baiskeli walioitwa kumba-kumba. Katika miaka ya vita, hasa kuanzia 1998 hadi 2003, barabara ya kutoka Beni kupita Mambasa kuelekea Kisangani ilikuwa imeoza kiasi kwamba lori halikuweza kuimaliza. Badala ya lori akaja mtu na baiskeli. Hakuipanda. Alifunga fimbo moja kwenye usukani ili aongoze, akasimamisha nyingine nyuma ya kiti ili asukume, akapakia zaidi ya kilo mia za chumvi, sabuni, vitambaa au mafuta ya taa, akaingia msituni kwa siku nyingi. Akarudi na mafuta ya mawese au mchele. Baiskeli ilivumbuliwa ili mtu achukuliwe na chombo. Hapa chombo kilichukuliwa na mtu, tena bila kosa lolote la kiufundi: kwa barabara ile, hesabu ya msukumaji ilikuwa sahihi kuliko ya mhandisi.

Huyo ni mchukuzi kama Rashidi. Bega lake linauma kama la Rashidi, na mzigo wake umeshuka katika bandari ileile ya Afrika Mashariki, maana chumvi na vitambaa hivyo vilipita Mombasa. Kwa mnyororo wa bidhaa, kumba-kumba ni kuli wa mwisho wa bandari, aliyekaa mbali nayo zaidi ya kilomita elfu moja. Lakini hana lango, hana saa, hana msimamizi. Wenzake huwakuta njiani, wakilala pamoja kwenye vituo vya msituni, kisha kila mmoja anaondoka na bei yake. Ni nani atakayemgomea? Mwenye mali amemkopesha mzigo, au msukumaji ameununua mwenyewe kwa akiba yake. Askari wa kizuizi anamtoza leo, wa kundi jingine kesho. Mvua nayo inamtoza.

Hapa ndipo uhakiki wa Kimarx uliostawi Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980 unapokwama. Uhakiki huo ulifanya kazi kubwa na haustahili kubezwa kama inavyofanywa sasa na watu ambao hawakuusoma; Fasihi na Jamii ya Senkoro bado humfundisha mwanafunzi kuuliza ni nani anayekula jasho la nani. Lakini jibu lake lilitegemea umilikaji wa nyenzo za uzalishaji mali. Mwenye nyenzo ni bwana, asiye nazo ni mfanyakazi. Msukumaji wa chukudu mara nyingi ni mwenye chukudu yake. Kijana wa pikipiki mjini Beni hupeleka kwa mwenye pikipiki kiasi kilichoafikiwa, hubaki na kilichozidi, na wengine kwa mapatano hayo huishia kuimiliki wenyewe, wakati ambapo inaanza kudai vipuri. Amepata nyenzo. Umaskini wake haukuondoka, kwa kuwa nyenzo haikuwa ndiyo ufunguo. Ufunguo ulikuwa barabara, mafuta na bei, na vyote vitatu viko mikononi mwa watu asiowaona.

Mkulima wa Beni yuko katika hali hiyohiyo, ijapokuwa hakuna anayemwita mfanyakazi wa kiwanda. Kwa miaka mingi eneo la Beni na Mutwanga lilijulikana kwa utomvu wa papai. Tunda bichi hukwaruzwa likiwa bado mtini, asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, na maziwa yanayodondoka hukingwa, hukaushwa, huuzwa. Maziwa hayo huchoma ngozi ya mkusanyaji. Ng'ambo, viwanda huyatumia kusafisha bia isifanye ukungu, kulainisha nyama na kutengeneza dawa. Zaire ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa bidhaa hiyo duniani. Mwanamke aliyeamka alfajiri na kisu kidogo chini ya mpapai alikuwa, kwa hakika kamili, mfanyakazi wa mwanzo katika mstari wa kazi wa kiwanda cha bia cha nchi ambayo hakuijua jina. Saa yake ilipangwa na kemia. Lakini ni mtungaji gani wa Kiswahili aliyemwita mfanyakazi?

Baadaye kahawa aina ya robusta iliangamizwa na ugonjwa wa mnyauko, na kakao ikachukua nafasi yake. Bei ya kakao hupangwa katika masoko ya London na New York. Mwaka 2024 ilipanda kupita dola 10,000 kwa tani, jambo lisilowahi kuonekana. Kwa wakulima wengi wa Beni bei hiyo ilikuja ikiwa na uchungu ndani yake, kwa sababu tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamewatenga watu na mashamba yao, na wengine wameuawa wakivuna. Ni kweli pia kwamba Mutwanga ilipata umeme wa maji mwaka 2013 kupitia Hifadhi ya Virunga, na kiwanda cha sabuni kikafuata. Lango jipya limeanza kujengwa hapa na pale. Ni mapema mno kuliandikia riwaya.

Mashini ya kusaga inahitaji neno moja, kwa kuwa riwaya za kazi karibu zote zimeisahau. Ilipoingia mitaani na vijijini ilimwondolea mwanamke mchi na kinu, na hiyo ni saa nyingi za siku. Saa hizo hazikuwa za kupumzika. Ziligeuka kuwa foleni mbele ya mashini, fedha ya kumlipa mwenye mashini, na kwa hiyo safari ya sokoni kutafuta fedha hiyo. Kazi iliyokuwa ndani ya ua ilitoka ikaingia katika biashara. Mapinduzi makubwa kama haya yalipita bila mgomo na bila hotuba, na labda ndiyo sababu hayakumvutia mwandishi yeyote.

Je, kuna maandishi ya Kiswahili yanayoweza kumwongoza msomaji wa Kivu vizuri zaidi kuliko Kuli? Dunia Mti Mkavu ya Said Ahmed Mohamed (1980) inasimama upande uleule wa lango. Utubora Mkulima ya Shaaban Robert inamwacha mtu wa mshahara arudi kwenye jembe, na jembe hilo ni safi mno, halijui bei ya London. Andiko lililo karibu zaidi halihesabiwi kuwa fasihi: ni lile lililoitwa Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, lililoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, likapigwa taipu na kutolewa nakala chache, na kuchapishwa upya pamoja na ufafanuzi wa Johannes Fabian mwaka 1990. Jina lake linadanganya, kwa kuwa si orodha ya maneno. Ni historia ya mji wa shaba na ya kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, kama ilivyoonekana na mtu aliyesimama jikoni kwa mzungu.

Thamani yake kwa hoja ya makala haya ni mahali pa msimulizi. Boi wa Elisabethville hakupita lango la mgodi. Alikuwa pembeni, lakini pembeni hapo palikuwa na masikio. Aliwajua mabwana kwa majina ambayo watu wa Kongo waliwapa, alijua nani alikula nini na nani alimpiga nani, na katika kumbukumbu hiyo kampuni haionekani kama jengo bali kama uhusiano unaoingia hadi chumbani. Yeye pia ni mfanyakazi asiye na lango. Kiswahili chake, cha Katanga, kimewafanya wasomi wa pwani walikabidhi andiko hilo kwa wanaisimu, kana kwamba mtu hawezi kuwa na fikra ikiwa upatanisho wa ngeli zake si ule wa Unguja. Fabian, mwanaanthropolojia wa Ulaya, ndiye aliyelichukulia kuwa historia yenye hoja. Idara za Kiswahili, za Kongo zikiwa za kwanza, zinadaiwa jibu kwa jambo hilo.

Kutokana na Yav msomaji anaweza kuirudia Kuli na kuikuta ni kitabu kingine. Mhakiki wa lango humfuata Rashidi bandarini na kuhesabu hatua za mwamko wake. Msomaji wa Butembo hutazama mji. Mgomo wa 1948 haukushinda nguvu za bandari peke yake. Uliposimama ulisimama na Ng'ambo nzima, pamoja na watu ambao hawakuwahi kubeba gunia. Nani aliwalisha wagomaji? Nani alikubali kukopesha, na nani alikataa? Katika riwaya hao wamo, hasa wanawake, lakini wamewekwa kandokando kama watu wa kulia na kungoja. Ukisoma ukiwa na macho ya mji usio na lango, kandokando hiyo inakuwa katikati.

Na mji usio na lango unao mgomo wake. Katika Kivu ya Kaskazini huitwa kwa Kifaransa ville morte, mji mfu: maduka hufungwa, pikipiki husimama, soko hubaki meza tupu, na barabara ambayo ndiyo mwajiri wa wote hunyimwa kazi. Aprili 2021 Beni na Butembo zilifungwa hivyo kwa siku kadhaa, watu wakidai usalama na kuyakataa majeshi ya Umoja wa Mataifa yaliyoshindwa kuwalinda. Mhakiki wa lango hawezi kuuita huo mgomo wa wafanyakazi, kwa kuwa haukudai mshahara na haukumwelekea mwajiri. Hata hivyo, kanuni yake ni ileile ya bandarini: watu wanaokula kwa kusogeza vitu wanakataa kuvisogeza. Tofauti inauma. Kuli wa Unguja alipogoma, hasara ya kwanza ilikuwa ya kampuni, meli ikikaa gatini. Mji ukifa Butembo, hasara ya kwanza ni ya msukumaji mwenyewe, anayekula jioni alichokipata mchana, na mwenye duka anaweza kungoja juma zima. Kwa hiyo kila siku ya mji mfu inabeba ndani yake mgogoro mwingine, wa kimya, kati ya wanaoweza kufunga na wasioweza. Riwaya itakayoandikwa juu ya mgogoro huo haitahitaji Faraji wa kuhutubu. Itahitaji mwandishi anayejua bei ya chakula cha siku moja.

Lugha imekwisha kumtangulia mwandishi huyo. Katika Kiswahili cha pwani kitenzi kumba kina maana ya kusukuma kwa nguvu, kupamia, kuzoa kila kitu. Katika Kilingala kokumba ni kubeba, kuchukua mzigo. Katika jina kumba-kumba lugha hizo mbili zimekutana juu ya baiskeli moja, na zote zimesema kweli, kwa kuwa mtu yule alibeba kwa kusukuma. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na chapa yake ya 2004, inayo maana ya kwanza. Mtu aliyepita msitu wa Mambasa na magunia yake ya chumvi hamo.